Metali za Mpito: Jinsi ya Kuzielewa Kuanzia Elektroni Hadi Kiwandani

Mwulize mwanafunzi wa kemia sifa za metali za mpito, naye atazimimina bila kusita: zina namba nyingi za uoksidishaji, hutoa ioni zenye rangi, huunda ioni changamano, hutumika kama vichocheo. Mwulize sababu, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Hilo linanisikitisha, kwa kuwa orodha ile haina haja ya kukaririwa. Sifa zote nne zina chimbuko moja, nalo ni elektroni za ganda dogo la d. Anayejua kuzihesabu elektroni hizo anaweza kukisia rangi, kuandika fomula, kueleza kazi ya kichocheo, na kujua kwa nini metali fulani ndiyo iliyochaguliwa kwa kazi fulani.

Nitategemea zaidi safu ya kwanza, kuanzia skandi hadi zinki, kwa sababu ndiyo inayokutwa sana maabara na kwenye mitihani. Kwa hatua tano za mwanzo utahitaji karatasi, kalamu na jedwali la elementi tu.

Hatua ya 1: Andika mpangilio wa elektroni

Elementi kumi za safu hii zina namba ya atomia 21 hadi 30. Zote zina elektroni 18 za ndani zilizopangwa kama za gesi ya argoni, nazo huandikwa kwa ufupi [Ar]. Tofauti iko katika elektroni zinazofuata. Jaza ganda dogo la 4s kwanza, kisha 3d; namba ndogo ya juu ni idadi ya elektroni zilizomo:

Skandi: [Ar] 3d¹ 4s²
Titani: [Ar] 3d² 4s²
Vanadi: [Ar] 3d³ 4s²
Kromi: [Ar] 3d⁵ 4s¹
Manganizi: [Ar] 3d⁵ 4s²
Chuma: [Ar] 3d⁶ 4s²
Kobalti: [Ar] 3d⁷ 4s²
Nikeli: [Ar] 3d⁸ 4s²
Shaba: [Ar] 3d¹⁰ 4s¹
Zinki: [Ar] 3d¹⁰ 4s²

Kromi na shaba hazifuati mtiririko. Ganda dogo la d lina obitali tano, yaani nafasi za kukaa elektroni, na kila obitali hubeba elektroni mbili. Zikiwa zote tano na elektroni moja moja, au zote zimejaa, atomu huwa tulivu zaidi. Ndiyo maana elektroni moja ya 4s huhamia 3d katika elementi hizo mbili. Usizirekebishe ukidhani ni kosa la uchapaji.

Hatua ya 2: Toa elektroni, ukianza na 4s

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwa kuwa 4s ilijazwa kwanza, wanadhani itatolewa mwisho. Sivyo. Mara 3d inapoanza kupata elektroni, 4s ndiyo inayobaki nje, mbali zaidi na kiini, na ndiyo inayoachia kwanza.

Chuma: [Ar] 3d⁶ 4s²
Fe²⁺: [Ar] 3d⁶
Fe³⁺: [Ar] 3d⁵

Andika mfano huu mara kadhaa, kisha jaribu Cu²⁺ (jibu ni [Ar] 3d⁹) na Cr³⁺ (jibu ni [Ar] 3d³). Ukizipata bila kutazama, hatua zote zilizobaki zitakuwa nyepesi.

Sasa unaweza kuamua ipi ni metali ya mpito na ipi siyo. Shirika la kimataifa la kemia, IUPAC, linaiita elementi ya mpito ikiwa atomu yake ina ganda dogo la d ambalo halijajaa, au ikiwa inaweza kutoa ioni chanya yenye ganda la namna hiyo. Zinki inashindwa vipimo vyote viwili: atomu yake ni 3d¹⁰, na Zn²⁺, ioni yake ya kawaida, ni 3d¹⁰ vilevile. Shaba inafaulu kwa sababu ya Cu²⁺, ingawa Cu⁺ ina d iliyojaa. Skandi ina utata. Atomu yake ina 3d¹, kwa hiyo IUPAC inaikubali, lakini vitabu vingi vya shule vinatazama ioni peke yake, na Sc³⁺ haina elektroni ya d hata moja. Soma maana iliyotolewa katika mtaala wako kabla ya kujibu swali la skandi.

Hatua ya 3: Tafuta namba za uoksidishaji

Namba ya uoksidishaji ni idadi ya elektroni ambazo atomu imetoa, au inahesabiwa kuwa imetoa, katika muungano. Linganisha kalsiamu na chuma. Kutoa elektroni ya kwanza, ya pili na ya tatu kutoka kwa kalsiamu kunahitaji takriban kilojuli 590, 1,145 na 4,912 kwa moli. Mruko wa mwisho ni mkubwa mno, na ndiyo sababu kalsiamu haipiti +2. Kwa chuma, elektroni ya tatu inahitaji takriban 2,957. Ni nishati nyingi, lakini hulipwa na nguvu ya muungano unaoundwa, kwa hiyo Fe³⁺ inawezekana. Elektroni za 4s na 3d zina nishati zinazokaribiana, basi hakuna mpaka mkali kati ya kutoa mbili na kutoa tatu.

Namba ya juu kabisa hupatikana kwa kujumlisha elektroni za 4s na 3d, kuanzia skandi hadi manganizi: skandi +3, titani +4, vanadi +5, kromi +6, manganizi +7. Baada ya manganizi kanuni hii inavunjika. Kiini kinazidi kuvuta elektroni za 3d, na +2 inakuwa ndiyo hali ya kawaida kwa nikeli na shaba, huku chuma na kobalti zikizunguka +2 na +3.

Zingatia pia kwamba hakuna ioni ya Mn⁷⁺ inayoelea peke yake majini. Namba kubwa kama +6 na +7 huonekana pale metali inaposhikana na oksijeni, kama katika MnO₄⁻ na Cr₂O₇²⁻. Ioni hizo hupokea elektroni kwa pupa, na kwa hiyo ni vioksidishaji vikali.

Kwa anayetaka kuiona hatua hii kwa macho, vanadi haina mpinzani. Mmumunyo wa vanadi(V), yaani vanadi yenye namba ya uoksidishaji +5, katika asidi ni wa manjano. Ukitiwa unga wa zinki na kutikiswa, hugeuka bluu ya vanadi(IV), kisha kijani cha vanadi(III), na mwishowe zambarau ya vanadi(II). Katikati ya safari utaona kijani cha mapema kinachotokana na manjano na bluu kuchanganyika. Hicho si vanadi(III).

Hatua ya 4: Jenga ioni changamano

Ioni za metali hizi ni ndogo, zina chaji kubwa na zina obitali tupu. Huvuta chochote chenye jozi ya elektroni isiyotumika: maji, amonia, kloridi, sianidi. Kinachovutwa huitwa ligandi. Maji na amonia ni ligandi ndogo zisizo na chaji, kwa hiyo kwa kawaida sita huizunguka ioni kwa umbo la oktahedroni. Kloridi ni kubwa na zinasukumana kwa chaji zake hasi, basi mara nyingi hutosha nne, kwa umbo la tetrahedroni.

Chaji ya ioni changamano ni jumla tu: chaji ya metali ukiongeza chaji za ligandi zote. Fe²⁺ na sianidi sita hutoa +2 − 6 = −4, yaani [Fe(CN)₆]⁴⁻. Kwa kurudi nyuma, katika [Co(NH₃)₄Cl₂]⁺ amonia haina chaji, kloridi mbili zina −2, jumla ni +1. Kwa hiyo kobalti ni +3.

Ioni hiyo ya kobalti ina historia ninayoipenda. Wanakemia wa karne ya 19 walishangaa kuona chumvi mbili zenye viambato vilevile, moja kijani na nyingine zambarau. Alfred Werner alieleza kwamba tofauti ni mahali zilipokaa kloridi mbili: zikiwa pande zinazotazamana, rangi ni kijani; zikiwa jirani, ni zambarau. Kazi yake juu ya ioni changamano ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Tofauti ya aina hiyo inaweza kuamua kama kitu ni dawa. Sisplatini, [PtCl₂(NH₃)₂] yenye kloridi jirani, hujifunga kwenye DNA ya seli na hutumika kutibu saratani kadhaa, ikiwemo ya korodani. Ndugu yake mwenye kloridi zinazotazamana hana manufaa hayo.

Mwilini, himoglobini hubeba oksijeni kwa kutumia Fe²⁺, na vitamini B12 ina kobalti katikati. Monoksidi ya kaboni huua kwa kuinyakua nafasi ya oksijeni kwenye chuma hicho, kwa sababu hushikana nacho kwa nguvu zaidi ya mara 200. Na tahadhari moja: klorofili ya majani ina magnesi, ambayo si metali ya mpito. Swali hilo huwatega wengi.

Hatua ya 5: Eleza rangi

Katika ioni iliyo peke yake, obitali tano za d zina nishati sawa. Ligandi zikikaribia, usawa huo huvunjika. Katika umbo la oktahedroni, obitali mbili zinazoelekea moja kwa moja kwenye ligandi hupanda nishati, na tatu hushuka. Mwanga ukipita, elektroni ya chini hunyonya kiasi kile kile cha nishati kinachohitajika kuruka hadi juu. Rangi hiyo hutoweka kwenye mwanga, na jicho linaona iliyobaki. Ti³⁺ katika maji hunyonya mwanga wa karibu nanomita 500, sehemu ya kijani. Nyekundu na bluu hupita, nasi tunaona zambarau.

Kutoka hapo unapata kipimo cha haraka. Hesabu elektroni za d. Zikiwa sifuri, hakuna ya kuruka. Zikiwa kumi, hakuna nafasi ya kurukia. Kwa hiyo Sc³⁺, Zn²⁺ na Cu⁺ hazina rangi majini wala katika chumvi zake nyingi, na oksidi ya titani(IV), ambayo ni d⁰ (haina elektroni ya d), ni nyeupe kiasi cha kuwa msingi wa rangi nyingi za kupaka kuta. Kuanzia d¹ hadi d⁹ tarajia rangi: Cu²⁺ bluu, Ni²⁺ kijani, Co²⁺ waridi, Fe²⁺ kijani hafifu. Mn²⁺ ni waridi hafifu sana, kwa sababu elektroni zake tano haziwezi kuruka bila kugeuza mwelekeo wa mzunguko wake, jambo linalotokea kwa nadra.

Halafu kuna pamanganeti, MnO₄⁻. Manganizi yake ni +7, hivyo ni d⁰, lakini zambarau yake ni kali kuliko zote nilizotaja. Kipimo chetu hakijavunjika, ila hapa rangi inatoka kwingine: elektroni hurushwa kutoka kwenye oksijeni kwenda kwenye manganizi. Mwanafunzi anayelitaja hili kwenye jibu lake anaonyesha kwamba ameelewa.

Ukibadilisha ligandi unabadilisha ukubwa wa mruko, na rangi inabadilika. Mmumunyo wa waridi wa [Co(H₂O)₆]²⁺ ukitiwa asidi kali ya haidrokloriki hugeuka bluu ya [CoCl₄]²⁻. Ukiupoza katika barafu waridi inarudi. Ukiupasha moto bluu inarudi. Mmenyuko wa kwenda kwenye bluu hunyonya joto, kwa hiyo joto huusukuma upande huo.

Hatua ya 6: Tambua ioni maabara

Vaa miwani ya kinga na glavu. Weka sentimita 2 za ujazo za mmumunyo usiojulikana katika neli ya majaribio. Ongeza haidroksidi ya sodiamu tone kwa tone huku ukitikisa, andika rangi ya mashapo (yabisi inayojitenga na mmumunyo), kisha ongeza kwa wingi uone kama yanayeyuka. Rudia na sampuli mpya ukitumia amonia. Usimimine kwa haraka: mashapo yanayoyeyuka kwa wingi wa kitendanishi yanaweza kupita bila wewe kuyaona.

Cu²⁺ hutoa mashapo ya bluu yasiyoyeyuka katika haidroksidi ya sodiamu iliyozidi, lakini katika amonia iliyozidi yanayeyuka na kutoa bluu nzito ya kuvutia. Fe²⁺ hutoa mashapo ya kijani ambayo uso wake hugeuka kahawia yakiguswa na hewa, kwani oksijeni huyapeleka kwenye Fe³⁺. Fe³⁺ yenyewe hutoa kahawia iliyoelekea nyekundu tangu mwanzo. Cr³⁺ hutoa kijani cha kijivu kinachoyeyuka katika haidroksidi ya sodiamu iliyozidi. Mn²⁺ huanza karibu nyeupe, kisha hugeuka kahawia hewani. Zn²⁺ hutoa nyeupe inayoyeyuka katika vyote viwili.

Ukiwa na shaka kati ya chuma(II) na chuma(III), ongeza matone ya thiosayaneti ya potasiamu kwenye sampuli mpya. Nyekundu ya damu ni Fe³⁺. Sampuli ya zamani ya chuma(II) inaweza kutoa wekundu kidogo, kwa sababu sehemu yake imeshaoksidishwa chupani. Tumia mmumunyo uliotengenezwa siku hiyo.

Mabaki yenye shaba, kromi au nikeli yakusanywe kwenye chombo cha taka za metali, yasimwagwe sinkini. Daikrometi, Cr₂O₇²⁻, ni sumu inayoweza kusababisha saratani. Ushauri wangu ni kuiacha kwa mwalimu mwenye uzoefu.

Hatua ya 7: Pima kiasi kwa pamanganeti

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5Fe²⁺ → Mn²⁺ + 5Fe³⁺ + 4H₂O

Pipeti sm³ 25.0 za mmumunyo wa chuma(II), tia asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, kisha dondosha pamanganeti kutoka kwenye bureti. Hakuna haja ya kiashiria. Zambarau hupotea kila tone linapoanguka, na unasimama pale waridi hafifu inapokataa kuondoka. Asidi iwe ya salfuriki tu: haidrokloriki hugeuzwa na pamanganeti kuwa klorini, na nitriki huoksidisha chuma chenyewe, hivyo hesabu huharibika.

Tuseme zimetumika sm³ 20.0 za pamanganeti ya moli 0.020 kwa dm³. Moli za pamanganeti ni 0.020 × 20.0 ÷ 1000 = 0.00040. Kila moja imechukua Fe²⁺ tano, hivyo chuma ni moli 0.0020. Gawanya kwa dm³ 0.0250, unapata moli 0.080 kwa dm³. Zidisha kwa 55.8, nayo ni gramu 4.46 za chuma kwa dm³. Kwa njia hii unaweza kupima chuma kilichomo katika kidonge cha kuongeza damu, mradi kimeyeyushwa kwenye asidi na kuchujwa.

Hatua ya 8: Eleza kazi ya kichocheo

Kuna njia mbili, na jibu zuri husema ni ipi inayotumika.

Njia ya kwanza ni ya uso. Gesi hunata juu ya metali, muungano wake wa ndani hulegea, mmenyuko hutokea, na zao huondoka. Hapa nguvu ya kunata ndiyo kila kitu. Fedha hushika kwa ulegevu mno. Tangsteni hushika kwa nguvu mno na haiachii. Nikeli na platini ziko katikati, ndiyo maana nikeli hutumika kuongeza haidrojeni kwenye mafuta ya mimea, na platini, paladi na rodi kusafisha moshi wa magari. Chuma huunganisha naitrojeni na haidrojeni kuwa amonia kwa nyuzijoto 400 hadi 500 za Selsiasi chini ya kanieneo kubwa. Kiwanda cha kwanza cha njia hiyo kilianza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, na mbolea za naitrojeni za dunia bado zinaitegemea.

Njia ya pili ni ya kubadili namba ya uoksidishaji na kuirudia. Ioni za iodidi na persalfeti humenyuka polepole, kwa sababu zote ni hasi na zinasukumana. Tone la Fe²⁺ huondoa kizuizi hicho:

S₂O₈²⁻ + 2Fe²⁺ → 2SO₄²⁻ + 2Fe³⁺
2Fe³⁺ + 2I⁻ → 2Fe²⁺ + I₂

Kila hatua sasa ni kati ya ioni chanya na ioni hasi, na Fe²⁺ imerudi kama ilivyokuwa. Oksidi ya vanadi(V) hufanya vivyo hivyo katika kutengeneza asidi ya salfuriki, ingawa ni yabisi: huipa SO₂ oksijeni na kushuka hadi +4, kisha huchukua oksijeni ya hewa na kupanda tena hadi +5. Metali yenye namba moja tu ya uoksidishaji isingeweza.

Hatua ya 9: Linganisha metali na kazi yake

Katika metali yenyewe, elektroni za d huungana na za s kuzishika atomu pamoja, ndiyo sababu ya ugumu na viwango vikubwa vya kuyeyuka. Chuma huyeyuka kwa nyuzi 1,538, titani 1,668, tangsteni 3,422, kiwango cha juu kuliko metali zote. Zinki, ambayo d yake imejaa na haishiriki, huyeyuka kwa nyuzi 420 tu, na zebaki ni kimiminika.

Atomu za safu hii zinakaribiana ukubwa, hivyo huingiliana kwa urahisi katika aloi. Chuma cha pua kisichoshika kutu kina kromi isiyopungua asilimia 10.5, inayotengeneza utando mwembamba wa oksidi unaojiponya ukikwaruzwa. Aina iliyozoeleka ina kromi karibu asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Chuma, kobalti na nikeli hushika usumaku katika joto la kawaida, lakini chuma huupoteza kikipita nyuzi 770, jambo la kukumbuka unapochagua kiini cha mashine inayopata moto mkali.

Kwa swali la kuchagua, taja kazi inadai nini, kisha sifa, kisha metali. Kiungo bandia cha nyonga kinadai wepesi, nguvu na kutoharibiwa na majimaji ya mwili: titani, yenye densiti ya gramu 4.5 kwa sm³ dhidi ya 7.9 ya chuma. Waya wa umeme unadai upitishaji na kuvutika: shaba, kwani fedha hupitisha vizuri zaidi lakini gharama yake haibebeki kwa kilomita za waya. Ncha za plagi ndogo za kompyuta zinadai uso usioshika oksidi kabisa, na hapo hata tabaka jembamba la dhahabu linastahili bei yake.